Unga Mlangoni mwa Mzinga

Jumatatu, 14 Julai

Nimetoka msikitini, nimekunywa kahawa, nimezunguka miembe yote kama kawaida. Thelathini na sita. Upande wa chini maua yameanza kuchanua. Upande wa juu bado. Hewa nzito, mvua za mchoo, hizi za katikati ya mwaka, hazijakwisha. Hali hii hii ndiyo iliyotumaliza mwaka jana na mwaka juzi. Maua yananyeshewa, yanaota weusi, yanapukutika, na miti inabaki na vikonyo vitupu.

Mwaka huu ndio wa mwisho. Ami Juma alikata shauri baada ya Idi, mbele yangu na mbele ya Bakari. Miembe ya baba ikizaa, inabaki. Isipozaa, inakatwa na shamba linapandwa miwa kama anavyotaka Bakari. Nilikubali. Ningefanya nini? Bakari ni mdogo wangu, haki yake ni nusu. Lakini yeye alikubali haraka mno. Mtu akikubali haraka namna ile ana jambo lake.

Leo amekuja yule binti wa utafiti, Nekesa, mtu wa bara. Ameleta unga.

Jumanne, 15 Julai

Niandike alivyoeleza, ili likitokea la kutokea nisiambiwe sikusikia.

Unga ni mweupe, laini. Ndani yake mna kuvu hai, kuvu njema kwa maneno yake. Unawekwa kwenye trei ya plastiki mlangoni mwa mzinga. Nyuki akitoka hana budi kuukanyaga. Anauchukua miguuni na tumboni, anakwenda nao mpaka kwenye ua la mwembe. Kuvu njema inakaa pale kwanza, na ugonjwa ukija unakuta nafasi imeshikwa. Hakuna kupiga dawa kwa bomba. Nyuki ndiye kibarua. Akirudi anaingilia tundu jingine.

Nimefundisha sayansi darasa la saba miaka ishirini na tisa. Sijasikia ugonjwa wa mti kutibiwa na mdudu. Nilimwuliza umejaribiwa wapi. Akasema kwingi. Kwingi wapi? Akacheka. Sikuona cha kuchekesha.

Mizinga minane. Minne upande wa chini, kazi yangu mimi. Minne upande wa juu, kazi ya Bakari. Makopo mawili, kila mtu na lake. Masharti: kijiko kimoja kila trei, kabla nyuki hawajaamka. Kopo likae pa baridi, gizani, mbali na dawa na vitu vya harufu kali.

"Hii kitu iko hai, Mwalimu," akaniambia. "Ikikufia hautajua. Itakaa tu hivyo hivyo, nyeupe."

Nilimtazama Bakari. Alikuwa akiitikia kwa kichwa kama mwanafunzi aliyeona mtihani tangu jana.

Jumatano, 16 Julai

Kopo nimeliweka wapi? Nimelifikiria hili usiku mzima.

Jikoni haiwezekani. Bakari huingia jikoni kwetu kama kwake, huomba chumvi, huomba kiberiti, hufunua vyungu. Yeye lake kalitia ndani ya mtungi mtupu, na mtungi kauzika nusu kwenye mchanga wenye maji nyuma ya nyumba yake. Kila apitaye anauona. Mtu asiyeficha kitu chake anataka kuonekana hana la kuficha.

Mimi nimepata pangu. Sanduku la bati chini ya kitanda. Humo mna sanda yangu niliyoletewa kutoka Makka, marashi yake, na pakiti mbili za karafuu maiti. Hakuna mtu nyumba hii anayeligusa. Mwanamisi, mke wangu, akifagia hulizunguka. Nani atatia mkono kwenye sanda ya mtu mzima ili achezee unga? Ufunguo nimeufunga kiunoni.

Nimefurahi. Akili hii si ya kila mtu.

Ijumaa, 18 Julai

Utaratibu wangu sasa: naamka kabla ya adhana, nafungua sanduku, natia unga kwa mwanga wa tochi, nakwenda kusali. Nikirudi nakaa kwenye gogo kuwatazama nyuki wanavyotoka.

Wanatoka vizuri. Miguu myeupe kama mtoto aliyetoka kuchezea unga wa ngano wa mamaye.

Bado siamini.

Jumanne, 22 Julai

Mwanamisi kanigombeza. Wali umeungua na mimi nimekaa hapo hapo mlangoni pa jiko nisisikie chochote. Nikamwambia pua hii ugoro ulishaimaliza siku nyingi, yeye mwenyewe ajua. Akasema basi ugoro uache nikae nawe salama. Tumekula wa juu.

Asubuhi nyuki wa mzinga wa tatu walifika kwenye trei wakarudi ndani. Wakaja tena, wakarudi tena. Ajabu.

Alhamisi, 24 Julai

Mizinga yote minne sasa. Nyuki wanajazana mlangoni, hawataki kuukanyaga unga. Wengine wametafuta ufa chini ya kifuniko wanatokea huko. Nimeuziba kwa nta.

Bakari amekuja kuazima bomba la moshi la kutuliza nyuki. Lake, eti, limeziba. Nilimwona akiinama kwenye trei zangu, uso karibu kabisa, akikaa hivyo muda mrefu. Alipoinuka hakunitazama machoni. Akaniuliza:

"Kaka, umelala salama? Kifua hakikusumbui?"

Kifua! Tangu lini Bakari akajali kifua changu? Nikamwambia kifua kizima na bomba alirudishe leo leo.

Jumapili, 27 Julai

Nimewakuta Bakari na Mwanamisi jikoni wakinong'ona. Niliposimama mlangoni wakanyamaza wote wawili. Bakari akashika njia.

Mwanamisi anasema alikuwa akiniulizia hali tu. Nalala vipi, nakula vipi, nimekonda au macho yake. Nilimwuliza na wewe ukamwambia nini. Akasema nilimwambia u mzee tu.

Sasa najua analolipigia hesabu Bakari. Anataka kujua nimebakisha siku ngapi. Kaka akifa, nani atakayesimama na miembe? Hana haja ya kungoja msimu.

Nimekasirika. Niache hapa.

Jumatano, 30 Julai

Leo nyuki wametoka wote. Wamepita juu ya unga kwa raha zao, kama ile wiki ya kwanza. Nami sikubadilisha kitu. Unga ule ule, kijiko kile kile.

Bakari hakuwako msikitini alfajiri.

Alhamisi, 31 Julai

Nyuki salama tena. Bakari hakuwako tena. Mambo haya mawili nimeyaweka pamoja nayaangalia.

Jumamosi, 2 Agosti

Bakari ameleta samaki. Changu wawili wakubwa, na bakuli la supu aliyopika mkewe, ya miguu ya ng'ombe. Eti inatia nguvu. Mwanamisi akasema mashallah, shemeji ana moyo. Nikasema sina njaa.

Supu nimempa paka nyuma ya nyumba. Ameimaliza yote, akajilamba. Mpaka magharibi bado mzima. Nitamtazama kesho.

Jumapili, 3 Agosti

Paka mzima.

Haina maana yoyote. Zipo sumu za polepole.

Jumatano, 6 Agosti

Hili sasa nimelikamata. Nekesa alipita na pikipiki yake akielekea Lunga Lunga, kuna wakulima wengine huko. Akasimama kuangalia maua, akafurahi, akaandika vitu vyake. Wakati wa kuondoka akaniambia, bila kujua anachosema, kwamba Bakari amemwomba kopo la pili. La kwanza limekwisha.

Limekwishaje? Mizinga yake minne, yangu minne. Kijiko kimoja kila trei. Langu bado lina zaidi ya nusu. Anapeleka wapi unga wote ule?

Nikamtakia safari njema.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimeweka alama. Alfajiri nikitia unga, nauburuza kwa kidole katikati ya trei, mstari mmoja. Nakwenda kusali. Narudi: mstari haupo. Unga umesawazishwa, mwingi kuliko kijiko changu. Trei zote nne.

Mtu anaumwaga unga wangu na kutia kitu kingine. Simchukulii mtu dhambi bila sababu, Mungu shahidi yangu, lakini nani mwenye haja ya maua yangu kuharibika kama si mwenye haja ya miwa?

Ukiniuliza mbona maua hayajaharibika, nitasema bado. Subiri.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimefikiri nijifiche nyuma ya mzinga nimshike. Lakini ningekosa sala ya jamaa, na watu wa barazani wangeuliza niko wapi. Nikafanya vingine. Leo jioni nimechukua mchanga mweupe wa ufukweni, debe zima, nikaumwaga kuzunguka mizinga yangu yote minne, nikaulainisha kwa ufagio wa chelewa. Mwanamisi akaniuliza ni wa nini. Nikamwambia sisimizi.

Jumanne, 12 Agosti

Unyayo. Mguu wa kushoto, mtupu, hauna kidole cha mwisho.

Kidole kile alikikata kwa shoka akiwa na miaka kumi na miwili, akipasua kuni. Mimi ndiye niliyembeba mgongoni mpaka hospitali ya Msambweni, damu ikinitiririka miguuni, na yeye akilia kwamba baba atampiga. Nilimwambia baba hatakupiga, nitasema ni mimi. Na kweli nilisema ni mimi, na nilipigwa mimi.

Nimekaa na unyayo ule mpaka jua likawa kali. Nilitaka sana uwe wa mtu mwingine.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimesema.

Baada ya sala ya Ijumaa, kwenye baraza ya msikiti, kahawa inamiminwa, Ami Juma yupo, imamu yupo, watu kama ishirini. Nilisimama. Nikasema Bakari bin baba yangu anaharibu unga wangu kila alfajiri watu wakiwa kwenye sala, ili miembe isizae apate miwa yake. Nikasema unyayo wake nimeuona na haukanushiki. Nikataja na kopo la pili.

Bakari alinyanyua macho. Akafungua mdomo. "Kaka, mimi nili..." Akawatazama watu mmoja mmoja. Akanitazama mimi, kwa muda, mtazamo ambao sikuuelewa. Akaufunga mdomo.

"Haya, kaka. Sitakanyaga tena upande wako."

Akavaa viatu akaenda. Ami Juma akasema jambo kama hili huulizwa nyumbani kwanza. Nikamwambia mwizi haulizwi. Muuza kahawa alikusanya vikombe ambavyo havijanywewa.

Nimeshinda. Mtu mwenye haki yake hukana. Yeye hakukana hata neno.

Jumatatu, 18 Agosti

Alama zangu zote ziko kwenye trei kama nilivyoziacha. Hakuna aliyegusa. Sawasawa kabisa.

Nyuki hawataki kutoka.

Alhamisi, 21 Agosti

Mvua tangu juzi. Si kubwa, ni ile ya manyunyu, ya kulowesha na kuondoka na kurudi. Nyuki wanajazana milangoni. Wale wa mzinga wa pili wametoboa nta yangu wanapitia ufani. Siku tatu natia unga mpya na siku tatu hawaugusi.

Labda aliuharibu kabla sijamkamata. Labda alitia kitu kwenye mbao zenyewe.

Nimezisugua mbao kwa maji moto. Nimeumwa mara tisa.

Jumamosi, 23 Agosti

Maua ya chini yameanza weusi. Ule ule. Unaanza kama vitone vya wino kwenye vikonyo, kisha shada zima linakauka. Embe changa kama punje za mtama zimedondoka chini, ukikanyaga zinalia.

Nimekwenda upande wa juu kwa Bakari, kuchungulia tu, yeye hayupo. Maua yake safi. Embe zimeshika kwenye kila shada.

Nimerudi nyumbani nikalala mchana. Sijawahi kulala mchana.

Jumatano, 27 Agosti

Mkono hautaki kuandika lakini nitaandika.

Nekesa amekuja. Akatazama trei, akatazama nyuki, akainama. Akasonya. Akaniuliza, "Mwalimu, umeweka nini hapa?" Nikasema unga wako. Akaomba kopo. Nikaingia ndani, nikafungua sanduku, nikamletea. Alifungua kifuniko akarudi nyuma hatua moja.

"Hii inanuka kama... ile mnawekea watu wakifa."

Mwanamisi alikuwa amesimama mlangoni. Akasema taratibu, karafuu maiti.

Nekesa akaniuliza nililiweka wapi kopo. Mwanamisi ndiye aliyemjibu, maana aliniona nikitoka chumbani na ufunguo mkononi. Binti hakucheka. Ningependa angecheka. Akaeleza kwamba joto la sanduku la bati peke yake lingetosha kuiua kuvu, na harufu ile ndiyo iliyomaliza. Unga umekufa tangu wiki ya kwanza, na nyuki hawapiti penye harufu ile hata kwa fimbo.

Nikamwambia si kweli. Kuna wiki mbili walipita. Alhamdulillahi walipita vizuri kabisa.

Akainamisha tawi moja. Kati ya weusi wote mle mna embe chache zilizoshika, kubwa kidogo, za kijani. Akasema hizi ndizo za wiki hizo mbili. Hizi zilipata unga mzima. Nani alikuwa anatia unga mzima?

Nikaketi kwenye gogo.

Alhamisi, 28 Agosti

Mwanamisi amenieleza usiku wa jana bila mimi kuuliza.

Ile siku ya kuazima bomba la moshi, Bakari alisikia harufu ya karafuu maiti kwenye trei zangu. Akadhani mimi nimejiandaa kufa. Akadhani nimeambiwa jambo hospitalini nikalificha, na sasa mikono yangu inanuka sanda kwa sababu kila siku naifungua kuitazama. Alikuja kwa shemeji yake kumwuliza, kwa siri, kama kaka anaumwa ugonjwa gani. Mwanamisi alicheka akamwambia mzee ana uzee tu. Hakuamini. Alidhani na Mwanamisi naye anafichwa.

Mwanamisi hakujua habari za kubadilishwa unga. Hayo mengine nimeyaunganisha mwenyewe. Bakari alinionea huruma. Hakuweza kumwambia kaka yake mkubwa kwamba unga wako unanuka maiti. Neno gani hilo la kumwambia mtu? Na mbele ya watu ishirini angelisemaje? Akaacha sala ya jamaa, akawa anakuja peku alfajiri, anamwaga wangu, anatia wake. Kopo lake likaisha. Akaomba la pili.

Na supu ile.

Nimeliona jambo lote na naona haya. Si haya ya kukosea. Kukosea nimekosea mara nyingi. Haya ya kwamba ningeweza kumwuliza, mara moja tu, Bakari unafanya nini? Nikaona bora mchanga wa ufukweni.

Ijumaa, 29 Agosti

Nimesimama pale pale, baada ya sala, kahawa ikimiminwa. Nikasema nilimzulia ndugu yangu. Alikuwa akinisaidia, mimi ndiye niliyeharibu unga kwa mkono wangu. Sikusema vipi. Hayo tayari yalikuwa mengi.

Watu wakasema Mungu akuhifadhi, Mwalimu. Ami Juma akanishika bega.

Bakari hakuwako. Tangu ile Ijumaa anasali msikiti wa Ramisi.

Jumanne, 2 Septemba

Nimekwenda kwake. Mkewe amesema ametoka. Viatu vyake vilikuwa mlangoni. Nilirudi.

Jumamosi, 6 Septemba

Nimekwenda tena. Ametoka, tena. Nimemwachia salamu. Mkewe akaniuliza kama nimekula, kama kweli nimekula, akanikalisha nikanywa uji. Alinitazama kila nilipokohoa.

Alhamisi, 18 Septemba

Ami Juma amekuja kukagua, kama tulivyoagana. Tulikuwa watatu. Bakari alinisalimu, shikamoo, akiangalia chini. Nikaitikia marahaba. Hayo tu.

Tukaanza na upande wa juu. Miembe kumi na minane, yote ina embe, nyingine matawi yameinama. Tukashuka chini. Embe mbili hapa, tatu pale, mwingine hauna hata moja. Nusu ya shamba imezaa na nusu haijazaa, na ahadi haikusema nusu. Ahadi ilisema miembe.

Nilisimama nikingoja. Nilikuwa nimejiandaa. Nilijiambia akisema ikatwe yote nisitie neno, kwani miembe ya chini ingezaa kama si mdomo wangu.

Ami akamgeukia Bakari. Neno ni lako, akamwambia.

Bakari akasema, "Ami, ya juu yote iwe ya kaka. Mimi nipeni huku chini, nikate nipande miwa. Mimi nilitaka miwa tu. Kaka anataka miembe."

Ami akamwuliza mara mbili, kwa kuwa miembe ya juu ndiyo aliyoihangaikia yeye mwenyewe. Akasema ndiyo, iwe yake, aione ikiwa na matunda.

Nikatafuta hila ndani ya maneno yale. Nilitafuta kwa mazoea tu, kama mtu anavyopapasa mfuko. Sikuipata.

Sikulala vizuri. Kuna kitu katika alivyolisema lile neno, aione.

Jumatano, 24 Septemba

Kesho kutwa wanakuja wa msumeno. Leo tumehamisha mizinga ya chini kwenda juu, mimi na Bakari. Kazi ya watu wawili. Alfajiri, milango imezibwa kwa nyasi mbichi, mzinga umefungwa kamba kwenye mti mrefu, mmoja mbele mmoja nyuma. Alikuja mwenyewe. Sikumwita.

Tulibeba miwili. Alichukua nyuma, kwenye uzito, kwa sababu ni mpando. Kwenye wa tatu alisimama katikati ya njia, nami nikasimama, maana ukibeba mzinga na mtu hamwendi mbali mmoja akisimama.

"Kaka, niambie kweli. Daktari alisemaje?"

Nilikuwa nimempa mgongo. Ilinirahisishia. Nikamwambia hakuna daktari. Nikamwambia kopo lilikuwa sandukuni, pamoja na sanda, nililificha humo ili wewe usiliguse. Nikamwambia si mgonjwa, sijawahi kuwa mgonjwa, pua tu imekufa. Nikamwambia na kama miembe ya juu alinipa kwa sababu ya hilo, tumrudie Ami tugawane upya, sina neno.

Ndani ya mzinga nyuki walikuwa wakivuma. Mti ukaanza kutikisika begani kwangu, na nilijua ni yeye anayetikisika, sikujua kama anacheka au analia. Nikageuza shingo.

Alikuwa analia. Uso wote umelowa, na hakuweza kujifuta kwa sababu mikono yote miwili imeshika mti. "Alhamdulillahi," akasema. Akasema tena. Nilimtazama nione kama anaijutia ile miembe. Hakuwa hata na habari nayo.

Kisha akaniambia twende, nyuki watapata joto. Tukaupeleka wa tatu juu, tukarudi kuchukua wa nne.